Mto usiopiga hodi: safari ya Manyatta

Mpenzi msomaji, nikikuambia leo tunakwenda Manyatta, tafadhali usikimbilie basi la Kisumu. Naam, Kisumu nako kuna Manyatta, tena mtaa mkubwa wenye kelele zake na shida zake za maji. Ninayokupeleka mimi ni ile ya Embu, iliyouegemea Mlima Kenya upande wa kusini-mashariki, ambako ukungu wa asubuhi hushuka mpaka juu ya paa za mabati na watoto huenda shuleni wamevaa sweta juu ya sweta.

Kutoka Nairobi panda matatu ya Embu. Utapita Thika, utapita Kenol, na ukifika Makutano dereva atashika mkono wa kulia awaache wa Sagana na Karatina waende zao. Likumbuke jina hilo la Sagana kwa maana tutalirudia. Baada ya hapo ni Mwea, mashamba ya mpunga huku na huku, na wauza mchele wanaokimbilia dirisha lako kana kwamba umewaita kwa jina. Embu mjini utashuka unyooshe miguu, unywe chai, kisha utafute gari jingine dogo linalopanda kaskazini. Hapo ndipo safari yenyewe huanza.

Barabara hupanda tu. Udongo ni mwekundu wa kupaka ukuta. Kahawa inakupokea kwanza, halafu kadiri hewa inavyozidi kuwa baridi kahawa inampisha majani chai. Kati ya shamba na shamba kuna nyasi za mabingobingo zilizopandwa kwa ajili ya ng'ombe wa gredi, na kila ukifika juu ya kigongo unaona kigongo kingine mbele yako, na kati ya hivyo viwili, chini kabisa ambako macho hayafiki, kuna sauti. Huo ni mto.

Mito ndiyo yenye nchi hii. Rupingazi, Kapingazi, Ena, na Thuci kule inakopakana Embu na Tharaka Nithi, yote inatoka kwenye msitu wa mlima na kuteremka mabondeni kama vidole vya mkono uliowekwa juu ya meza. Maji ya Rupingazi huishia Mto Thiba, na ya Thiba huingia bwawa la Kamburu kwenye Mto Tana. Kwa hivyo wewe uliyewasha taa Nairobi jana usiku huenda ulitumia maji ya Manyatta bila kujua. Wakati wa kiangazi mito hii ni ya kupendeza mno. Maji ni meupe, unayaona mawe chini. Walowezi wa Kizungu waliipenda hata wakaleta samaki wa trauti kwenye mito ya mlima huu wapate kuvua kwa ndoana, na mjini Embu ipo hoteli yenye jina la Izaak Walton, Mwingereza wa karne ya 17 aliyeandika kitabu juu ya uvuvi huo. Sijui kama mzee Walton angejisikiaje kukuta jina lake likiuza nyama choma.

Lakini sikukuita huku kwa ajili ya trauti. Nataka tushuke bondeni.

Nilipokuwa mvulana nilizoea kuja kwa mjomba wangu likizo ya Aprili. Kutoka kwake kwenda ng'ambo kulikuwa na daraja la magogo matatu, limefungwa kwa waya, halina pa kushika. Watu wazima walilipita na magunia ya buni kichwani. Siku moja alasiri, huku kwetu jua linawaka, mvua ilikuwa ikinyesha juu mlimani, na sisi hatukuwa na habari. Mto huu haupigi hodi. Mvulana wa kimo changu alikuwa katikati ya magogo maji yalipofika. Aliteleza, akaingia.

Ninayokumbuka ni kelele. Mwanamume mmoja aliyekuwa akikata nyasi alitupa panga akajitosa vile vile alivyo, na koti lake zito na buti za mpira. Hakufika hata nusu. Mwingine akataka kumfuata. Wazee wakamfunga kamba kiunoni, fundo juu ya fundo, wakamwachia, na sisi wote tukashika kamba tukavuta. Kadiri tulivyovuta ndivyo alivyozama! Tuliona mgongo tu, maji yakimpita juu. Kama si mama mmoja aliyeokota lile panga na kuikata kamba, yule naye tungemzika. Maji yalimtupa kando kidogo mbele, anatapika.

Yule mvulana alipatikana hai. Mto wenyewe ulimsukumia kwenye mizizi ya mti mita kama mia mbili chini, akaing'ang'ania hadi akatolewa. Aliyeruka kumwokoa alipatikana siku ya pili. Alikuwa na watoto wanne.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile tulishindwa kwa sababu mto ulikuwa na nguvu na sisi hatukuwa na bahati. Kisha kazi ikanipeleka Sagana, pale ambapo Mto Tana unapita kwenye miamba na watalii huja kushuka mkondo kwa boti za mpira. Vijana wanaoongoza boti hizo hufundishwa kuokoa watu kwenye maji yaendayo kasi, na siku hiyo walikuwa mazoezini. Nilikaa ukingoni na daftari langu. Kabla ya saa sita nilikuwa nimeliweka chini, maana mwalimu alikuwa akitaja moja baada ya jingine mambo tuliyoyafanya kwenye magogo yale, na kila moja alisema ndilo linaloua.

Akaanza na hesabu, na hebu nawe uifuatilie. Maji ya kujaza sanduku la mita moja kila upande yana uzito wa tani moja, yaani kama ng'ombe wawili wa gredi walionona. Sasa mto unawarusha ng'ombe hao mmoja nyuma ya mwingine bila kupumzika. Tena kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili bali mara nne. Ndiyo sababu maji ya kina cha sentimita 15 tu, chini ya nusu ya muundi, yakienda kasi huweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huelea nayo gari dogo. Sentimita 60 huchukua magari mengi, hata yale makubwa ya wenye nacho. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na dereva wa matatu anayesema "haya ni ya magoti tu, twende" angefaa kukumbushwa kwamba mbele ya mto sote ni chungu.

Naam, tunayo mifano, na si ya zamani. Tarehe 4 Desemba 2021, Jumamosi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kivuko cha Mto Enziu, huko Mwingi, mto ukiwa umejaa. Ukingoni watu walisimama, wengine wakipiga picha za video, wengine wakilia. Basi liliinama polepole upande mmoja, likalala. Zaidi ya watu 30 walikufa. Ni wachache waliotolewa hai, na miongoni mwa walioingia majini kwanza walikuwa waogeleaji wa pale pale kijijini, kabla ya wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji kufika kuopoa miili. Mwaka 2024 mvua za masika ziliua takriban watu 300 nchini Kenya. Lakini Aprili hiyo hiyo basi jingine lilisombwa na mafuriko kwenye barabara ya Garissa, upande wa Tana River, na abiria wake wote 51 wakatolewa salama, kwa sababu boti na watu wanaojua kuziendesha walikuwepo karibu.

Kuwepo karibu. Hilo ndilo jambo. Kutoka Nairobi hadi Manyatta umeona mwenyewe ni safari ya masaa. Mtu aliyemezwa na mto ana dakika. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, haina malipo na inafaa kukaa kwenye simu ya kila mtu nyumbani mwako, nami nakuomba uiandike kabla hujageuza ukurasa. Hata hivyo atakayefika kwanza ni mchuma chai, ni kijana wa bodaboda, ni mama aliyekuja kuteka maji. Hao ndio waokoaji wa Manyatta, wapende wasipende, na hakuna aliyewafundisha.

Basi turudi kwa mwalimu wa Sagana. Alikuwa na mpangilio wake wa maneno manne, akiwaimbisha vijana kama watoto wa chekechea: fikia, rusha, piga makasia, nenda. Kwanza jaribu kumfikia aliye majini kwa fimbo, kwa tawi, kwa mwiko wa mahamri ukilazimika, wewe umelala kifudifudi ukingoni na mtu amekushika miguu. Ukishindwa, mrushie kitu. Ukishindwa hapo, boti. Kuingia mwenyewe majini ni jambo la mwisho kabisa, na ni la aliyefundishwa, aliyevaa kofia ngumu na jaketi la kuelea. Sisi siku ile tulianza na la mwisho.

"Lakini mtu anakufa mbele yako," nikamwambia.

"Mzee, ukiingia watakuwa wawili," akanijibu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeyajibu maneno hayo mara nyingi.

Kisha akaeleza ile kamba ya kiunoni, na hapo nilihisi baridi. Mtu aliyefungwa kamba na kushikiliwa dhidi ya mkondo hana tofauti na tiara: upepo huipandisha tiara, maji humteremsha mtu. Kadiri unavyoshikilia ndivyo mkondo unavyomkandamiza chini. Vijana wale huvaa jaketi maalumu ambalo kamba yake huachia kwa kuvuta kifungo kimoja, na kila mmoja ana kisu. Nilimfikiria yule mama na panga. Hakuna aliyemfundisha, naye peke yake ndiye aliyefanya sawa.

Kamba ya kuokolea hukaa ndani ya mkoba mdogo, urefu wa mita 15 hadi 25. Mrushaji hupaza sauti kwanza, "Kamba!", ili aliye majini ageuke atazame. Hurusha ipite juu yake, impite mbele kidogo, kisha huchuchumaa au kukaa kitako na mwenzake anamshika mabega kwa nyuma. Haizungushi mkononi kamwe. Aliye majini akiishika kamba hulala chali na kuipitisha begani, na mkondo wenyewe humsogeza ukingoni kama pendulo ya saa ya ukutani. Kumbe nguvu ile ile iliyokuja kuua ndiyo inayomleta nyumbani. Niliwatazama wakifanya hivyo mara ishirini, thelathini. Mara kumi za kwanza walikosa.

Walikuwa hawafanyi peke yao. Juu ya mto alisimama mmoja wa kuangalia magogo yanayokuja, chini wakasimama wengine na kamba zao kumdaka atakayepita. Mto ukinguruma sauti haisikiki, kwa hivyo husemezana kwa filimbi. Moja ni nitazame, mbili ni upande wa juu, tatu ni upande wa chini, na tatu zikirudiwa-rudiwa ni nisaidieni. Kulia na kushoto kwa mto huhesabiwa ukiwa umeelekea yanakokwenda maji, la sivyo mmoja angesema kulia na mwenzake ng'ambo akakimbilia upande mwingine.

Na wewe ukianguka? Usijaribu kusimama. Hilo ndilo gumu kuliamini, maana kila mtu akigusa chini hutaka kusimama. Mguu ukiingia kati ya mawe mawili, mkondo utakulaza kifudifudi na utazama kwenye maji ambayo yasingekufika kiunoni. Lala chali, miguu juu na mbele, uyasukume mawe kwa nyayo. Tafuta nyuma ya jiwe kubwa, kwa kuwa pale maji hutulia na hata kurudi nyuma, ogelea uingie hapo upumzike. Kitu kimoja tu kinabadilisha kanuni hii, nacho ni mti ulioanguka mtoni. Maji hupita kwenye matawi, mtu hubaki, kama majani ya chai kwenye chujio. Ukiona huwezi kuukwepa, geuka kifudifudi, ogelea kwa nguvu zako zote kuuelekea na uupande juu. Usiufikie kwa miguu.

Kuna mtego mwingine, na huku Manyatta na wilaya jirani upo wa kutosha: vile vizuizi vidogo vya zege vya kuteka maji ya mashamba na ya mabomba. Vinaonekana havina neno, vijana hupenda kuoga chini yake. Mto ukijaa, maji yanayomwagika pale hujizungusha na kurudi kwenye ukuta, yakimzungusha mtu humo kama nguo kwenye mashine. Waokoaji wenye boti huviogopa vizuizi hivyo kuliko maporomoko yenyewe.

Mfa maji haachi kutapatapa, tunasema, na pengine tunadhani ni methali tu. Mwalimu aliniambia ni maelezo kamili ya kitabibu. Anayezama haoni ndugu wala rafiki, atakupanda kichwani apate pumzi moja. Ndiyo maana unampa kitu cha kushika kisicho mwili wako. Akishatolewa msimning'inize kichwa chini wala msimkande tumbo, kama tulivyozoea kuona. Kama hapumui, pumzi ndiyo ya kwanza: mpulizie mdomoni, kisha kukandamiza kifua mara 30, pumzi mbili, na kurudia bila kuchoka hadi msaada ufike. Kama anapumua, mvueni nguo mbichi mumfunike. Maji ya Mlima Kenya ni baridi, na baridi humaliza kazi ambayo mto uliacha nusu.

Masika iliyofuata nilipanda tena Manyatta. Daraja la magogo halipo siku hizi. Badala yake kuna kivuko cha waya na mbao, kizuri, chenye pa kushika, ingawa mbao mbili zilikuwa zimeng'oka na mtu ameweka jiwe kuonya wapitao. Nilimkuta mjomba, sasa mkongwe, ameketi uani anamenya mahindi. Tukashuka pamoja polepole. Nilimuuliza wao hujuaje kwamba mto unakuja.

"Mwanangu, mto husema," akanijibu. Kwanza maji meupe hugeuka rangi ya chai. Kisha majani makavu na vijiti huanza kupita, vitu ambavyo havikuwepo dakika tano nyuma. Kisha kuna harufu ya udongo mbichi. Mwisho husikia mawe yakigongana chini. "Ukiyasikia mawe, umeshachelewa. Panda kilima, usiulize." Nilipomwambia kwamba Sagana nao hufundisha hivyo hivyo, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu wanalipwa kiasi gani.

Njia nzima ya kupanda nilikuwa nikifikiria kamba. Ile tuliyoitumia zamani ilikuwa ya katani, ikilowa huwa nzito na kuzama. Za Sagana huelea. Halafu nikakumbuka kwamba kamba za plastiki za buluu na manjano, ambazo kila mfugaji hapa hufungia ng'ombe wake, nazo huelea, nilikwisha ziona mara nyingi kwenye dimbwi. Na jerikeni tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, hushikilia mtu mzima kichwa chake kikiwa nje ya maji. Hayo mawili yapo katika kila boma Manyatta. Si mkoba wa mwalimu, na mtu hana budi kufanya mazoezi ya kurusha siku ya jua. Lakini ni bora kuliko koti na buti.

Sokoni niliingia duka la vifaa vya ujenzi nikaomba kamba ya plastiki, mita 20, na jerikeni lenye kifuniko kizuri. Mwenye duka akaipima kwa mkono, pima baada ya pima, kisha akasita akanitazama.

"Mita ishirini, mzee? Huyo ng'ombe wako ni mkali namna gani?"

Nikamwambia ni ya kutundika pale kivukoni. Akanyamaza. Kisha akaongeza pima mbili juu, akakataa kuzilipisha, akamwita kijana wake aje anionyeshe mti ambao hauguswi na mafuriko.